Korosho nne

Mwishoni mwa Novemba 2016, wiki nne kabla ya Krismasi, pikapu ya gitaa langu ilikata sauti. Mke wangu alinisikia nikilalamika kwenye simu kwamba pikapu imekufa na kwaya inanitegemea. Akauliza ni pikapu ya nani na nimeiazima lini.

Pikapu yenyewe ni ile inayokaa chini ya nyuzi: sumaku sita fupi zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa kwenye waya na kwenda kwenye amplifaya. Waya ukikatika hata mahali pamoja, kwisha habari. Wangu ulikatikia ndani kabisa, pale ulipogusana na sumaku zilizoota kutu. Hewa ya bahari yetu Mtwara inakula mabati, itashindwa na waya wa milimita 0.063?

Nikampelekea mzee mmoja wa Chikongola, fundi redio. Hakuwahi kuisuka pikapu hata moja. Mota za feni na transfoma, hizo kasuka maisha yake yote.

"Koili ni koili, mwanangu," akasema. "Lete waya."

Waya aliniletea shemeji yangu baharia, kibobini kidogo kinachoenea kiganjani. Tulifumua waya wa zamani, tukasugua kutu, na sumaku tukazipaka rangi ya kucha ya binti wa fundi ili waya mpya usiguse chuma kitupu. Jumamosi asubuhi mzee akabana keke ya mkono kwenye jiliwa, akafunga pikapu mbele yake. Ukizungusha mpini mara moja, pikapu inazunguka mara nne. Nilikuwa nimesoma kwamba pikapu za Stratocaster, aina ya gitaa la umeme, na gitaa langu ni la umbo hilo, husukwa kati ya mara 7,500 na 8,000 hivi. Kwa hiyo mpini uzungushwe kama mara 1,900.

Nani atahesabu hadi huko bila kupotea? Mzee akatoa mfuko wa korosho za kukaanga na sahani ya bati. Kila nikifikisha mia, natia korosho moja sahanini. Zikifika kumi na tisa, tumemaliza.

Mimi nazungusha, yeye anaupitisha waya kati ya vidole viwili vilivyoshika kipande cha kitambaa, kushoto kulia, kushoto kulia. Akikaza unakatika. Akilegeza unalala ovyo. Mara ya kwanza ulikatika kwenye korosho ya pili, tukaanza upya, na mzee hakusema neno, alipangusa tu miwani. Mara ya pili mikono ilizoeana. Hakuna aliyezungumza. Nilisikia gia za keke na mashine ya cherehani ya jirani.

"Hodi!"

Alikuwa muuza samaki wa mtaa wa pili, kafuata redio yake. Mzee hakuweza kuinua macho, mimi nilikuwa kwenye themanini na kitu. Jamaa akavuta kigoda, akakaa, na kwa kuwa kwetu huku sahani ya korosho mbele ya mgeni ni karibu hata kama hujaitamka, akala.

Nilipogeuka kutia nyingine, alikuwa anatafuna. Sahanini, pamoja na hiyo yangu, zilikuwa kumi na tatu.

"Umekula ngapi?" nikamwuliza.

"Mbili tu, kaka. Kwani za mgonjwa?"

Mzee alicheka mpaka ikabidi aushike waya kwa mikono miwili. Kisha akachoma utando wa ncha ya waya kwa kiberiti, akagusisha mita ya kupima ukinzani, maana waya ukizidi urefu, ukinzani nao unazidi. Kiloomu 5.3. Akapima pikapu nyingine ya gitaa, ile ya katikati, ambayo ilikuwa nzima: 5.9. Akachukua penseli, akaandika ukutani, akamwangalia mgeni juu ya miwani.

"Hapa pana korosho kumi na saba. Umekula nne."

"Mashine hiyo mbovu."

Tukaongeza mizunguko ya korosho mbili kasoro kidogo, mita ikasoma 5.9. Jioni tuliyeyusha mshumaa na nta ya nyuki kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto, tukaizamisha pikapu mpaka mapovu yakaisha, maana bila nta inapiga mluzi ukifungua sauti. Kuiunganisha tulikosea, ncha zikapishana, na pikapu mbili zikipigwa pamoja zilitoa sauti nyembamba kama redio ya betri zinazokwisha. Tukabadilisha ncha, basi.

Krismasi ilipigwa. Muungurumo kidogo ulikuwepo, ndiyo tabia ya pikapu za koili moja. Siku ya pili nikakutana na muuza samaki njiani na baiskeli yake.

"Nimelisikia gitaa lenu toka barabarani," akasema. "Limelia. Lakini zilikuwa mbili."