Kichwa cha Kristo, kwa Kumtazama Mtu Hai

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Luka 24:13-35, habari za wanafunzi wawili waliotembea na Yesu aliyefufuka njiani kwenda Emau, wasimtambue.

Mwaka 1656 mchoraji Rembrandt alifilisika. Makarani wakapita chumba kwa chumba nyumbani kwake Amsterdam, wakiorodhesha mali yote. Kati ya vitu 363 walivyoandika, kimojawapo ni kichwa cha Kristo, kilichochorwa kwa kumtazama mtu hai.

Mtu hai gani, wakati Bwana alikwishapaa zamani? Jina halikuandikwa. Lakini Rembrandt aliishi mtaa mmoja na Wayahudi, wengi wao wakiwa wamekimbia mateso ya Ureno na Hispania, na wataalamu wengi huamini kwamba alimwomba kijana mmoja wa jirani aketi mbele yake. Zimebaki picha ndogo kadhaa za namna hiyo, rangi za mafuta juu ya mbao za mwaloni, urefu wa sentimita 25 hivi. Zilikuwa za mazoezi tu, na nyingine huenda zilichorwa na wanafunzi wake. Nywele nyeusi zimegawanywa katikati, kichwa kimeinama kidogo, macho yako pembeni kama ya mtu anayesikiliza. Hakuna duara la nuru wala taji. Sura ya namna hiyo ndiyo unayoiona pia katika picha yake ya Emau ya mwaka 1648, iliyoko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris.

Wachoraji wengi waliomtangulia walimpa Yuda Iskariote sura ya Kiyahudi, tena ya kukejeliwa. Yesu wakampa sura ya kwao. (Nasi tusiwacheke sana. Yule Yesu wa kalenda ukutani, mwenye macho ya buluu, tumemtundika wenyewe.)

Mwanamke Msamaria hakukosea. Kabla hajajua kwamba Yesu ndiye Masihi, alishaona: "Imekuwaje wewe Myahudi kutaka maji kwangu?" Neno alipofanyika mwili, alitwaa mwili wa taifa fulani, wenye sura ambayo watu waliweza kuitambua na hata kuidharau. Wale wawili wa Emau walitembea naye njia nzima wakimdhania mgeni. Nadhani hata sisi tungemwita hivyo hivyo.

Kabla hatujakutana Jumapili, jiulize: ukifumba macho kuomba, ni uso gani unaokujia, na uliupata wapi?