Wali wa nazi katikati ya bahari: nilivyopika kutoka Mahé hadi Kilifi

Kabla sijapanda ndege kwenda Shelisheli kila mtu alikuwa na lake la kunishauri. Shangazi yangu alisema baharini mtu hali, anakunywa maji tu mpaka aone nchi kavu. Jirani mmoja mwenye boti, ambaye kwa ninavyomjua mimi hajavuka hata kwenda Pemba, aliniandikia orodha ya makopo: maharagwe ya kopo, nyama ya kopo, mpaka tui la nazi la kopo. Tui la kopo! Mimi, mzaliwa wa Takaungu, pwani ya Kilifi!

Kazi yenyewe ilikuwa kumsaidia mzee mmoja kurudisha boti yake ya matanga Kilifi, zaidi ya maili 900 za baharini. Mimi mpishi, na zamu ya usukani juu yake. Nilishapika miaka mingi kwenye boti za watalii, lakini zile kila jioni hutia nanga. Wa tatu wetu alikuwa kijana wa Lamu aliyekulia kwenye jahazi, na hakuacha kutukumbusha.

Sokoni Victoria, mji mkuu wa Shelisheli kisiwani Mahé, nilishinda asubuhi nzima. Mboga kule ni ghali, maana vitu vingi huletwa kutoka nje. Pesa nilizoacha pale, kwenye soko la Kongowea, Mombasa, zingenijazia mkokoteni. Nikachukua kabichi ngumu, viazi, vitunguu, ndimu, mashelisheli, na nyanya za kila rangi, kuanzia zilizoiva mpaka za kijani kabisa, ziive kwa zamu. Viazi na vitunguu msivitie kapu moja, vitachipua. Kabichi ibandueni jani jani kwa mkono, kisu kikiigusa inaanza kuoza pale pale. Mayai nilimsumbua muuzaji mpaka akanipa yasiyooshwa wala kuingia friji, kwa sababu yai likioshwa linavuliwa utando wake. Nikayapaka mafuta ya mgando moja moja, na kila asubuhi nikayapindua juu chini. Hatukuwa na friji ya maana na mpaka tunafika tulikuwa tunakula mayai. La kutilia shaka litumbukize majini. Likielea, litupe bila kulipasua.

Ndizi ndizo zilizotushinda. Kijana alifunga mkungu mzima tezini, nyuma ya boti, mzuri wa kupigia picha, na mkungu mzima ukaiva siku moja. Tulikula ndizi asubuhi, mchana na usiku. Nilizikaanga, nikazipika kwa nazi na sukari, nikazikandia kwenye unga wa chapati. Mzee akafika mahali anauliza kwa upole kama chai nayo ina ndizi.

Tuling'oa nanga kusi, upepo wa kusini, limekolea, mwezi wa saba. Upepo ulitujia kushoto kwa nyuma, boti ikalalia kulia na kubaki hivyo mpaka Kenya. Visiwa vya Amirante tukaviacha kushoto bila hata kuviona. Siku za mwanzo bahari ilinilevya kidogo, sikatai. Kijana wa jahazi ilimlevya zaidi, na hilo nitalisimulia mpaka uzeeni. Alijitetea kwamba jahazini mtu hukaa nje akapigwa na upepo, hafungiwi chumbani na harufu ya dizeli. Haya. Ila ushauri wa shangazi ulikufa pale pale: tumbo tupu ndilo linalotapika vibaya, mpaka nyongo. Nilikuwa nimekaanga mahamri kabla ya safari, nikawa nawapa nusu nusu na chai ya tangawizi, watake wasitake. Siku hizo usijaribu kupika. Uwe na vya kuokota tu.

Jiko la boti linaning'inia, linabembea lenyewe ili sufuria ikae sawa boti ikiinama. Mpishi habembei. Kuna mkanda wa kujizungushia kiunoni, na mimi nilivaa koti la mvua na suruali yake hata jua likiwaka, kwa sababu uji wa moto ukikumwagikia katikati ya bahari hakuna wa kumpigia simu. Sufuria nilitumia moja, ya presha, na mfuniko niliukaza hata nisipohitaji presha. Ilianguka mara kadhaa na haikumwaga tone. Na gesi ifungwe kwenye mtungi kila ukimaliza, si kwenye jiko tu. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inazama ngamani, chini kabisa ya boti, na kungojea cheche.

Sasa mbuzi ya kukunia nazi. Nilitoka nayo nyumbani, imekunjwa kati ya nguo, na uwanja wa ndege mkaguzi aliyaona yale meno yake akataka maelezo marefu. Siku tumbo lilipotulia niliifungua sakafuni jikoni, nikakaa, nikapasua nazi. Wimbi likaja. Mbuzi ikateleza na mimi juu yake mpaka mlango wa choo. Mzee akafungua kabati, akatoa kopo la tui (kumbe alikuwa nalo siku zote!), akalitikisa sikioni bila kusema neno. Nami sikumjibu.

Nikaibeba nje, kwenye kile kishimo wanachokaa wapiga zamu. Pale sakafu ni nyembamba, benchi huku na huku. Nikaikingamisha, mgongo nikauegemeza kwenye benchi la demani, upande ulioinama, na miguu nikaikaza kwenye benchi la goshini, upande wa upepo. Kwa mkao huo boti ikilala inakusukuma mgongoni, haikumwagi. Chini ya mbuzi nikatandika taulo lililoloa, isiteleze. Sinia likakataa kutulia, nikaweka ndoo badala yake na kuifunga kwa kamba kwenye mbuzi yenyewe. Nikaanza kukuna. Upepo ukazoa nazi yote na kumpaka kijana usoni, naye ameshika usukani hawezi hata kujifuta. "Dada, nionee huruma!" Ndipo nikachukua kanga, nikajifunika mimi, mbuzi na ndoo kama mtu anayejifukiza, na humo ndani nikakuna mpaka nazi ikaisha.

Wali wenyewe ulipikwa kwa tui la pili vikombe vitatu na maji ya bahari kikombe kimoja, chumvi sikuitia hata chembe. Tui zito likaingia mwisho. Mzee alirudia sahani, na lile kopo likarudi kabatini.

Maji ya bahari ni mali, watu huyadharau. Viazi na maganda yake, mayai ya kuchemsha, vyote nilivipika humo. Vyombo tulioshea humo pia, kwa sabuni ya maji, maana ya kipande haitoi povu kwenye chumvi. Maji matamu yalikuwa ya kunywa, kupikia na kujisuuza kikombe kimoja baada ya kuoga kwa ndoo. Ukinywesha nywele zangu kikombe kimoja hazitosheki, nikazifunga kilemba mpaka Kilifi.

Zamu zilikuwa za saa tatu tatu. Ukimaliza unapata saa sita, na mpishi katika hizo anatoa za kupika. Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa saa: Mahé iko mbele ya Kenya kwa saa moja, mzee hakubadilisha yake, kijana alibadilisha siku ya kwanza, kila mmoja anadai chakula kwa saa yake. Nikatangaza kwamba chakula kiko tayari nikisema kiko tayari. Usiku hatoki mtu bila mkanda wa usalama kunaswa kwenye kamba ya tezi hadi omo, yaani nyuma hadi mbele, na wanaume nikawapiga marufuku kusimama ukingoni kukojoa. Ndoo ipo. Alfajiri kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuokota panzi, wale samaki wenye mabawa, walioruka usiku na kuangukia juu; wana miiba, lakini wakikaangwa wakakauka unawatafuna wazima. Mshipi wa kurambaza ulitupa jodari mmoja tu, tena mkubwa kupita sufuria.

Karibu na pwani mzee alielekeza dira kusini ya Mombasa, ingawa Kilifi iko kaskazini yake. Wakati wa kusi mkondo unapanda kaskazini kwa nguvu, na ukiikosa Kilifi kurudi nyuma ni shughuli pevu. Tukaachia utubebe. Takaungu ilipita kushoto kwangu, nikawa nawaonyesha misikiti hata kabla haijaonekana vizuri. Karatasi za kuingilia ni kazi ya nahodha, sikujihusisha. Nanga ilipokamata mzee akageuka, "Bibi, mchana leo tunakula nini?"

Nikamwambia mikahawa iko ng'ambo ya daraja, na mimi naagiza samaki wa kupaka, na hela analipa yeye.