Kata simu, kisha piga mwenyewe: nilivyojikinga na wanaojifanya watu wetu

Tapeli anayejifanya mtu mwingine hahitaji kujua mengi kukuhusu. Hutafuta jina moja unalolipenda au kuliheshimu, jambo la dharura, na dakika chache ambazo hutapata nafasi ya kuuliza mtu mwingine yeyote. Nimeishi Dar es Salaam muda wa kutosha kupokea karibu kila aina ya simu na ujumbe wa namna hiyo, na katika kulea watoto na kumsaidia mama yangu aliyeko Lushoto nimejiwekea utaratibu mmoja ambao hadi leo haujanitupa: suala la fedha au namba ya siri silimalizi kwa simu niliyopigiwa. Ninakata, kisha ninapiga mwenyewe kwa namba niliyokuwa nayo tangu awali.

Utaratibu huo ulipimwa asubuhi moja nikiwa kazini. Aliyenipigia aliniita kwa jina la mwanangu, kama walimu wanavyotuita sisi wazazi, akajitambulisha kuwa ni mwalimu wa zamu. Alisema mtoto ameanguka kwenye ngazi, anatokwa na damu puani, wamemkimbiza hospitali na daktari anataka apigwe picha ya kichwa mara moja, lakini kipimo hakiwezi kuanza bila malipo, kwa hiyo nitume shilingi 180,000 kwa namba atakayonisomea. Nyuma yake alisikika mtoto akilia. Nilipouliza ni hospitali gani, simu ilipewa mtu mwingine aliyejiita daktari, naye akaanza kunikaripia kwamba ninachelewesha matibabu ya mwanangu kwa maswali.

Nilikata akiwa bado anazungumza. Nilimpigia mwalimu mkuu kwa namba niliyoihifadhi tangu siku ya kumwandikisha mtoto; akaniomba nisubiri, akatuma mtu darasani, na punde nikasikia sauti ya mwanangu ikisema, "Shikamoo mama." Wakati wote huo ile namba ya kwanza ilikuwa ikinipigia mfululizo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote. Mwalimu wa kweli angefurahi kusikia kwamba nimewasiliana na shule, lakini tapeli huogopa sana laini yako kushikwa na mazungumzo na mtu mwingine.

Walipata wapi jina la mtoto na namba yangu? Sina ushahidi, lakini katika kundi letu la wazazi kulikuwa kukizunguka orodha ya michango ya mahafali yenye jina la mtoto, darasa na namba ya mzazi, na orodha ya aina hiyo humtosha kabisa mtu mwenye nia mbaya. Tulizungumza na uongozi wa shule, orodha hizo zikaacha kutumwa, na wazazi wote tukaandikiwa kwamba shule haitaomba kamwe fedha za matibabu kupelekwa kwenye namba ya mtu binafsi.

Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wengi tunaufahamu, pamoja na ndugu yake wa mwenye nyumba aliyebadilisha namba wakati kodi inakaribia. Dawa yake ni ileile. Kinachohitaji uangalifu zaidi ni ujumbe wa uongo wa kupokea fedha, ambao hufuatiwa na simu ya mtu anayeomba kwa unyenyekevu umrudishie kwa sababu amekosea namba. Mama yangu aliletewa ujumbe wa aina hiyo, ukiwa umeandikwa kwa maneno yaleyale ya muamala halisi, hadi kumbukumbu namba. Nilipomwomba anisomee umetoka kwa nani, akanitajia namba ya kawaida ya simu, ilhali ujumbe halisi wa mtandao wake huja kwa jina la huduma yenyewe. Hata hivyo sikutaka ategemee jambo hilo peke yake, kwa kuwa jina nalo linaweza kuigwa. Nilimwambia, "Mama, usiamini maandishi, angalia salio," akaingia kwenye menyu kwa kitochi chake na kukuta salio ni lilelile la jana. Tumekubaliana kwamba hata kama fedha zimeingia kweli, harudishi yeye. Aliyekosea awasiliane na huduma kwa wateja wa mtandao wake, maana kampuni ndiyo yenye uwezo wa kuurejesha muamala.

Watu huniuliza matapeli wanapataje laini ilhali tangu 2020 laini zote nchini zinapaswa kuwa zimesajiliwa kwa alama za vidole. Njia mojawapo inayojulikana ni ya msajili asiye mwaminifu kukuambia kwamba mtandao unasumbua, uweke kidole tena, kumbe kidole cha pili kinasajili laini nyingine kwa kitambulisho chako. Ndiyo maana unapotuma fedha, jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri linaweza kuwa la mtu asiyejua lolote, na tapeli hukutajia jina hilo mapema ili usishtuke.

Kwa ujumbe wa kitapeli, ninautuma kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ninapojibiwa ninaandika namba iliyoutuma. Ni kazi ya dakika moja, na ninawasihi wenzangu wasiishie kuufuta tu, kwa sababu namba isiyoripotiwa itampigia mzazi mwingine.

Nilipokwenda Lushoto nilikaa na mama tukapiga *106# na kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Ilionekana moja ambayo hakuitambua kabisa. Kesho yake tulikwenda pamoja kwenye duka la mtandao husika akiwa na kitambulisho, akaweka kidole kuthibitisha kuwa ni yeye, na laini hiyo ikaondolewa kwenye jina lake.