Mzee wa brashi na ratiba ya zamu

Mtu wa miaka 56 kwenye mashine ya brashi, inayosugua nyuzi za mkonge, akianza kuchanganya daraja la 3L na lile la chini la UG, wasimamizi hukimbilia kusema macho. Apimwe, sawa. Lakini kama ni yule yule aliyekuwa akijua daraja la singa, yaani nyuzi hizo, kwa kuishika tu, tazameni ratiba ya zamu kwanza.

Uchovu wa kawaida huondoka na usingizi. Huu mwingine, uchovu wa kazi uliokithiri (Kiingereza "burnout"), mtu hurudi nao kutoka likizo: bado hoi, kazi aliyoimudu miaka ishirini inamkirihi, na anajiona hafai tena. Shirika la Afya Duniani linataja mambo hayo hayo matatu, na linauhesabu kuwa jambo la kazini, si ugonjwa. Vitamini za duka la dawa ni kupoteza hela.

Kosa ninaloliweka mbele ni kuzungusha zamu kinyumenyume: usiku, wiki ijayo mchana, kisha asubuhi. Mwili huvumilia kuchelewa kulala kuliko kuwahishwa, na umri ukisogea unazidi kugoma. Mtu anatoka saa 4 usiku, anatakiwa kazini saa 12 asubuhi. Toa kusubiri daladala ya Pongwe hapa Tanga, kuoga, kula, na kuamka saa 10 alfajiri. Kati ya zile saa nane analala nne, akibahatika. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku. Geuzeni: asubuhi, mchana, usiku, na kwa waliovuka 50 usiku usizidi mitatu mfululizo.

Anayetoka usiku alale mapema, kabla bati halijashika moto. Ikifika saa 5 asubuhi, hasa msimu wa kaskazi, chumba cha mtaa wa Ngamiani hakilaliki. Kitenge kizito dirishani, simu izimwe, na chai ya mwisho iwe saa 7 usiku; ile ya saa 10 ndiyo inayomkodolesha macho kitandani.

Ovataimu ndiyo ngumu. Kikomo ni saa 50 kwa wiki nne, malipo mara moja na nusu, na mzee mwenye ada za shule haikatai hata akiwa anayumba. Kumnyima tu ni kumwadhibu. Afadhali ahamishwe kwenye kupanga madaraja au kufundisha vijana, mshahara ukibaki ule ule. Kwenye vumbi la brashi na kelele za korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, asizidishe zamu.

Akifika hospitali asiseme "nimechoka" pekee. Ataje saa anazolala, presha, mapigo ya moyo, maumivu ya mgongo, yaandikwe. Cheti cha daktari ndicho kinachofungua likizo ya ugonjwa: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, ndani ya miezi 36. Na aliyetimiza 55, umri wa kustaafu kwa hiari, akaulize mfuko wa pensheni michango yake imefika miezi mingapi, kabla hajaandika barua ya kuacha kazi kwa hasira.