Ukuta Kando ya Dari

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

"Ujengapo nyumba mpya, fanyia ukuta kando ya dari yako, usije ukaleta damu juu ya nyumba yako, mtu akianguka kutoka huko."

Nyumba za Israeli zilikuwa na paa la bapa, na mengi yalifanyika huko juu. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini kwake, chini ya kitani. Petro alipanda darini kule Yafa kusali. Daudi naye alikuwa akitembea juu ya dari jioni moja alipomwona mke wa Uria, na mnajua kilichofuata. Torati haikukataza watu kupanda. Ilimwagiza mwenye nyumba ajenge ukuta, tena aujenge wakati anajenga nyumba, asingoje msiba. Na mtu akianguka, anayeulizwa ni mwenye nyumba.

Nimelichagua somo hili kwa sababu likizo imefika na watoto watashinda na simu. Wapo wazazi wanaosema simu ni ya shetani, mtoto asiiguse kabisa. Nawaheshimu, ila mtoto wao anaazima ya jirani, na huko hakuna anayemwangalia.

Chukueni jambo dogo tu la mwaka wa kuzaliwa. TikTok, Instagram na WhatsApp zote zinataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13. TikTok haimruhusu aliye chini ya miaka 16 kutumiana ujumbe wa faragha na watu, na akaunti ya mwenye miaka 13 hadi 15 huanza ikiwa imefungwa kwa wasiomjua. Sasa mtoto wa darasa la sita anajisajili kwamba amezaliwa 1998, na mara nyingine ni dada au mama mwenyewe aliyemwandikia ili asisumbuliwe. Tangu hapo programu inamhesabu mtu mzima, na mtu yeyote anaweza kumpigia hodi usiku wa manane. Leo jioni iombeni simu kwa upole, mtazame pamoja umri ulioandikwa mle.

Kwenye gemu ni hivyo hivyo. Free Fire ina sehemu ya kuongea kwa sauti na watu usiowajua, na watoto wanazililia zile daimondi zake, yaani pesa za ndani ya gemu, kuliko pipi. Mgeni huanza kwa kusifia: "Unacheza vizuri, una miaka mingapi?" Kisha anaahidi daimondi. Kisha: "Tuhamie WhatsApp." Kisha picha, na neno ambalo kila mtoto afundishwe kulitambua: "Usimwambie mama." Mtoto akijua kwamba mtu mzima anayemwomba afiche siri kwa wazazi wake ana nia mbaya, amepata kinga ambayo hakuna mipangilio ya simu inayoweza kumpa.

Na sisi je? Tunaweka statasi ya mtoto akiwa na sare, nembo ya shule inaonekana, jina lake kamili na siku yake ya kuzaliwa chini yake. Hapo mgeni ameshapewa pa kuanzia. Kuna na lile la kusambaza kwenye magrupu video ya mtoto aliyedhalilishwa, eti ili mhalifu akamatwe. Jamani, hapo tunamdhalilisha mara ya pili. Tena kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto, na nia njema haikuruhusu kuzituma. Peleka taarifa polisi, usipeleke video kwenye grupu.

Ukuta ukiwepo, bado mtoto anaweza kuanguka. Siku hiyo ikija, kumbukeni Mwanzo 3. Adamu alijificha kwa sababu aliogopa, na Mungu akaja akimwuliza, "Uko wapi?" Aliwaeleza kosa lao bila kulipunguza, lakini hakuwaacha uchi: aliwafanyia mavazi ya ngozi. Anayemtishia mtoto kwa picha zake anategemea kitu kimoja tu, kwamba mtoto anaogopa fimbo ya nyumbani kuliko anavyomwogopa yeye. Mzazi akianza na mkanda, au kuivunja simu, amemfanyia kazi yule mhalifu, na ushahidi umekwenda.

Kwa hiyo msilipe hata shilingi. Msifute jumbe, zihifadhini. Pigeni 116, ni bure, Tanzania na Kenya pia, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Picha ikiwa imeshatoka, kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down inayosaidia kuiondoa kwenye mitandao inayoshirikiana nayo, na mtoto halazimiki kumtumia mtu yeyote picha hiyo.

Jumatano jumuiya inakutana saa kumi na moja jioni kama kawaida. Kila mzazi aje na simu yake, na ya mtoto kama anayo, tena ije na chaji. Vijana wa kwaya watatuonesha jinsi ya kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto kule TikTok, na jinsi ya kuzuia namba ngeni zisimwingize mtoto kwenye makundi ya WhatsApp. Wale wa "mimi mambo ya simu siyajui", tafadhali wahini viti vya mbele.