Uzi, gundi au stepla: kovu la shingo baada ya kutolewa goita

Anayesubiri kutolewa goita huuliza karibu kila mara: nitashonwa uzi, nitapakwa gundi au nitapigwa stepla? Ana haki ya kuuliza, maana shingo haifichiki. Lakini kovu likiangaliwa baada ya mwaka mmoja, tofauti kati ya njia hizo huwa ndogo. Linaloamua zaidi ni mahali ngozi ilipopasuliwa, tabaka la chini lilivyoshonwa, na ngozi ya mwenyewe.

Mkato wa kawaida hulala kama kola, vidole viwili hivi juu ya kile kishimo kilicho chini ya koo. Daktari makini huuchora kwa kalamu kabla ya dawa ya usingizi, mgonjwa akiwa ameketi wima, akifuata mkunjo wa shingo uliopo tayari. Kule thieta mabega huwekewa mto na kichwa hulazwa nyuma, kwa hiyo ngozi yote huvutika kwenda juu. Mstari uliochorwa katika hali hiyo hushuka mgonjwa akiinuka, na kovu linaangukia karibu na mfupa wa kifua, mahali ambapo makovu huvimba kwa urahisi. Omba uchorwe ukiwa macho; halina malipo.

Wakati wa kufunga, misuli ya mbele ya koo hurudishwa pamoja katikati, kisha hufuata platizma, msuli mwembamba sana ulio chini tu ya ngozi. Huo hushonwa kwa uzi unaoyeyuka, unene wa namba 3-0 au 4-0, mshono mmoja mmoja. Ndio unaobeba mvutano. Ukishonwa vizuri, kingo za ngozi hukutana zenyewe hata kabla ya kuguswa. Ukirukwa, au mishono ikiachana mno, kovu hupanuka, au ngozi hugandamana na vilivyo chini yake, na kila ukimeza kovu linapanda pamoja na koo. Hakuna gundi itakayorekebisha hilo.

Kwa ngozi yenyewe, mimi ningechagua uzi unaoyeyuka, 4-0 au 5-0, unaopitishwa ndani kwa ndani. Hauachi alama za ngazi na hauhitaji kutolewa. Kuna aina isiyoyeyuka inayopita njia hiyo hiyo na kuvutwa karibu siku ya 5: ncha moja hukatwa, nyingine huvutwa polepole sambamba na kidonda. Zikikatwa zote mbili usawa wa ngozi, uzi umebaki ndani. Mishono ya juu kwa juu nayo isizidi wiki moja shingoni, la sivyo utabaki na vile vidoti pande zote mbili za mstari.

Stepla ni za haraka na hushika kingo vizuri, lakini zitolewe mapema, siku ya 2 hadi ya 4. Tatizo letu huku ni umbali. Umefanyiwa upasuaji Kisumu au Eldoret, kwenu ni Usenge au Port Victoria, na zahanati ya karibu huenda haina koleo la kuzitolea. Zikivutwa kwa mkasi na kibanio cha kawaida, ngozi inachanika. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, uliza kama unaweza kupewa koleo la kutumika mara moja ubebe.

Gundi hupakwa juu ya ngozi iliyokwisha kukutanishwa, tabaka jembamba juu ya jingine. Ikimwagikia ndani ya kidonda, inazuia kingo kushikana. Hubanduka yenyewe kati ya siku 5 na 10. Usiipake vaselini wala mafuta yoyote, yanailainisha ikaachia mapema.

Saa 24 za kwanza zina jambo zito kuliko urembo. Damu ikivujia ndani, shingo inavimba, inakaza, na pumzi inakuwa shida. Hapo kidonda hufunguliwa pale pale kitandani, ngozi, platizma na hata misuli ya katikati, bila kusubiri thieta. Ndiyo maana mkasi, au koleo kama umepigwa stepla, lazima viwe kando ya kitanda. Anayekuangalia usiku aambiwe viko wapi.

Kidonda cha wiki 2 kina kama sehemu moja ya kumi tu ya nguvu ya ngozi nzima. Kwa wiki 6 hufikia nusu hivi. Debe la maji na gunia la mahindi visubiri. Uvimbe juu ya mstari na ganzi ni vya kawaida, na ganzi inaweza kuchukua miezi. Rangi pia huzidi kukolea mwezi wa pili au wa tatu kabla ya kutulia, hivyo usilihukumu kovu kabla ya mwaka.

Jua la huku ikweta hulifanya kovu changa kuwa jeusi. Anayeuza soko la Kibuye, Kisumu, kutwa ajifunge leso nyepesi au apake krimu ya kukinga jua ya SPF 30. Mkufu, kola ngumu na mkanda wa helmeti ya boda visilisugue. Na ile tabia ya kufungua kapsuli na kunyunyiza unga kwenye kidonda, acha kabisa.

Ngozi ikishafunga, karibu wiki 2 au 3, karatasi ya silikoni ivaliwe saa 12 au zaidi kwa siku, miezi 2 au 3. Ikikushinda bei, plasta ya karatasi iliyobandikwa kufuata mstari hupunguza mvutano, na ni rahisi kupata.

Kama una keloidi kwenye tundu la hereni au alama ya chanjo, mwambie daktari kabla ya upasuaji. Kovu lililovimba ndani ya mipaka yake mara nyingi hupungua lenyewe. Keloidi huvuka mipaka na huweza kuanza miezi kadhaa baadaye. Hudungwa triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 10 hadi 40 kwa mililita, kila wiki 4 hadi 6, ndani ya kovu lenyewe. Sindano ikizama hadi kwenye mafuta ya chini, inaacha shimo na doa jeupe. Kuikata peke yake bila sindano hizo au mionzi ni kuialika irudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza.