Cheti cha kifo cha babu, aliyefariki mwaka 1972

Watu wengi wanaokwenda ofisi ya wilaya kuomba cheti cha kifo cha mzee aliyefariki zamani huamini kwamba cheti hicho kipo mahali fulani, kwenye kabati au kwenye kompyuta, na kwamba kazi yao ni kulipia tu na kusubiri. Cheti hutolewa kutokana na maandishi yaliyomo kwenye daftari la usajili. Kifo kikiwa hakikuandikwa humo, karani hana cha kunakili, hata awe na moyo mwema namna gani, na mwombaji hana budi kuanza shughuli nyingine kabisa, yaani kusajili kifo kwa kuchelewa na kuleta ushahidi kwamba kilitokea. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo familia inapaswa kujiuliza ni hili: wakati mzee wetu anafariki, ni nani aliyekuwa na wajibu, au angalau sababu, ya kukiandika kifo chake?

Nimelazimika kulifikiria swali hili kwa sababu ya shamba la babu lililoko Muheza. Ni shamba la minazi na michungwa, na karatasi zake zote bado zina jina lake. Baba na ndugu zake walilitunza kwa maelewano, kila mmoja akijua mpaka wake, na hakuna aliyewahi kufungua mirathi. Sasa wao wenyewe wanaanza kutangulia mmoja mmoja, wajukuu tumekuwa wengi, na Mahakama ya Mwanzo, ambako msimamizi wa mirathi anatakiwa kuthibitishwa, inataka kuona cheti cha kifo cha mwenye mali. Wengine hukutana na hitaji hilohilo kwa njia nyingine: mafao ya mfanyakazi aliyefariki, akaunti ya benki, au kijana aliyefiwa na mzazi anayeomba mkopo wa elimu ya juu, ambaye Bodi ya Mikopo humtaka alete cheti kilichohakikiwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Kwa wazee wa kizazi cha babu, jibu la swali langu linaanzia kwenye historia ya sheria yenyewe. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo iliyotungwa Tanganyika mwaka 1920, ambayo ndiyo mzizi wa Sura ya 108 tunayoitumia leo Tanzania Bara, iliwalenga Wazungu na Waasia. Waafrika waliingizwa katika usajili wa lazima baada ya Uhuru, tena eneo kwa eneo. Jirani zetu wa Kenya walipita njia hiyohiyo: usajili wa lazima ulianza na Wazungu mwaka 1904, ukawafikia Waasia mwaka 1906, na kwa Waafrika ukaanzia Nairobi na Nyeri mwaka 1963 kabla ya kuenea nchi nzima mwaka 1971. Ndiyo maana mwenye duka la Kihindi aliyefariki Tanga miaka ya 1930 anaweza kuwa na ukurasa wake kwenye daftari la serikali, wakati mkulima aliyekuwa akimuuzia nazi hana hata mstari mmoja.

Hata hivyo, kutoandikwa na msajili si sawa na kutoandikwa na mtu yeyote. Majumbe, yaani wakuu wa vijiji waliokuwa chini ya machifu, walikuwa na orodha za walipa kodi, na hapakuwa na namna ya kumdai kodi marehemu, kwa hiyo anayemtafuta babu mkuu aliyefariki enzi za Waingereza ana sababu nzuri ya kuulizia majalada ya kodi kwenye Nyaraka za Taifa, pale Upanga. Kwa babu yangu njia hiyo ilikuwa imeshafungwa, kwani uchifu ulifutwa mwaka 1963 na kodi ya kichwa mwaka 1969. Mashamba ya mkonge nayo yalikuwa na kumbukumbu za wafanyakazi wao, ingawa mengi yalitaifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, na anayeyafuata itabidi afuate kwanza umiliki ulivyobadilika. Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Katikati ya mwaka 1972 ulianza mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zikavunjwa, na hazikurudi hadi sheria mpya ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ilipoanza kutekelezwa. Wilaya nazo zimekuwa zikigawanywa, kama Mkinga ilivyomegwa kutoka Muheza. Kabla ya kuulizia daftari la zamani, uliza kijiji kilikuwa chini ya wilaya gani wakati ule, la sivyo utakuwa unamsumbua karani asiye na hatia.

Upekuzi wowote, uwe wa serikali au wa kanisa, unadai tarehe, au angalau mwaka, na hapo ndipo wazee wanapohitajika kabla kumbukumbu zao hazijazimika. Usimuulize mzee mwaka; muulize kulikuwa na nini. Shangazi yangu hakuwa na mwaka wowote kichwani, lakini alikumbuka kwamba Pasaka ilikuwa imepita karibuni, kwamba redio ya jirani haikuwa na habari nyingine ila kuuawa kwa Mzee Karume, na kwamba mazishi yaliangukia siku ya gulio, kwa hiyo waombolezaji wengine walifika na vikapu vyao vya sokoni. Karume aliuawa Ijumaa tarehe 7 Aprili 1972, na Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 2 Aprili. Gulio la kwetu tangu zamani ni Jumanne. Kwa maneno hayo matatu tu, tarehe ya mazishi ilibaki moja: 11 Aprili 1972. Familia nyingine zitasema Operesheni Vijiji, vita vya Kagera, msiba wa Sokoine wa Aprili 1984, au kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996. Waislamu wa pwani watakupa mfungo na mwandamo, na tarehe ya Kiislamu inaweza kubadilishwa kuwa ya kawaida kwa kalenda, ukikubali kukosea kwa siku moja.

Tukiwa na tarehe hiyo tulikwenda kanisani. Daftari la mazishi ni kitabu kirefu chenye jalada gumu jeusi, kingo zake zimeliwa na mende, na kila mstari una safu za tarehe ya kuzikwa, jina, umri, mahali na saini ya padri. Mstari wa babu umeandikwa kwa wino wa buluu uliopauka: tarehe 11 Aprili, jina lake la ubatizo na jina la baba yake, umri "yapata 60", na jina la kitongoji. Sababu ya kifo haipo, na tarehe ya kufa pia haipo, kwa sababu padri aliandika alichokitenda yeye, yaani kuzika. Shangazi alithibitisha kwamba mzee alikata roho usiku wa kuamkia mazishi.

Mstari huo ulitufaa kuliko kaburi lenyewe. Kwenye msalaba wa saruji umechorwa mwaka 1973, na ndugu mmoja alikuwa ameshaanza kuutumia mwaka huo kwenye fomu, mpaka wazee walipoeleza kwamba ule ni mwaka wa kujengea kaburi. Jina nalo lilikuwa na utata wake. Kanisani ni jina la ubatizo, ilhali karatasi za shamba zimebeba jina la utani ambalo kijiji kizima kilimjua nalo. Tofauti kama hiyo huwekwa sawa kwa hati ya kiapo inayothibitisha kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na ni vyema kuiandaa mapema badala ya kusubiri kurudishwa.

Muda wa kawaida wa kusajili kifo ni siku 30. Ukipita, usajili unakuwa wa kuchelewa, ada inaongezeka na ushahidi unaotakiwa unakuwa mwingi zaidi. Kwa kifo cha zamani kilichotokea nyumbani, kwa kawaida utahitaji barua ya mtendaji wa kijiji au wa kata, muhtasari wa kikao cha ukoo uliotiwa saini, kitambulisho cha mwombaji, viapo, na karatasi yoyote ya wakati ule inayomtaja marehemu. Maombi huanzia kwenye mfumo wa RITA wa mtandaoni au kwenye ofisi ya usajili ya wilaya. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, tuliambiwa kwamba daftari la kanisa si ushahidi, na ofisa mwingine katika jengo lilelile akalipokea bila neno, alipoona limeambatana na barua ya padri yenye muhuri na nakala ya ukurasa mzima. Ukurasa mzima una maana yake: mistari ya juu na ya chini humwonyesha msajili kwamba maandishi yako kwenye mfuatano wa tarehe na hayakuchomekwa jana. Nawashauri pia wanaokwenda ofisini wasitoe nakala zao halisi bila kubaki na picha za simu zinazosomeka.

Cheti cha babu kimetoka, na kimeandikwa tarehe 10 Aprili 1972. Kinachoendelea sasa ni cha bibi, aliyefariki miaka mingi baadaye hospitalini. Kwake msingi wa maombi ni tangazo la kifo lililojazwa na hospitali, na kwa kuwa nakala ya familia imepotea, tumeomba kitengo cha kumbukumbu za hospitali kitoe barua kutoka kwenye rejesta ya wodi. Baba mdogo, aliyefariki na kuzikwa Unguja, hahusiani na RITA hata kidogo. Vifo vya Zanzibar husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na binamu yetu anayeishi Mwembeladu ndiye aliyebeba jalada hilo.